Marudio ya Dhana za Msingi za Sayansi Darasa la Tano hadi la Saba: Turudie Kuelewa, Si Majibu

Mada kwa semina ya walimu wa sayansi wa shule za msingi



1. Utangulizi

Mtihani wa darasa la saba unapokaribia kila mwaka, vipindi vya asubuhi, vya jioni na hata vya Jumamosi hujaa mitihani ya miaka iliyopita. Mtoto anasoma swali, anachagua herufi, mwalimu anasahihisha, wanahamia swali linalofuata. Kazi hiyo ina nafasi yake, kwani humzoesha mtoto lugha ya mtihani na matumizi ya muda. Tatizo ni kwamba tumeifanya kuwa ndiyo marudio yenyewe. Mtungaji akigeuza mchoro au akibadilisha mfano, mtoto aliyepata jana anakosa leo.

Hoja yangu ni moja: marudio ya sayansi yaanze na kile ambacho mtoto anaamini, kisha apewe nafasi ya kukijaribu. Watoto wetu hawaji darasani na vichwa vitupu. Wamepika, wamelima, wamechota maji, wamefungua redio na tochi. Katika kazi hizo wamejijengea maelezo yao kuhusu joto, mimea na umeme. Mengine ni sahihi, mengine sivyo, na yale yasiyo sahihi hayaondoki kwa kusomewa fasili. Mtoto hukariri fasili kwa ajili ya mtihani, huku maelezo yake ya zamani yamebaki palepale.

Nitaeleza dhana tatu kwa kina, nitagusa nyingine kwa kifupi, kisha nitapendekeza utaratibu wa kipindi.

2. Dhana tatu kwa karibu

*2.1 Saketi ya umeme*

Mpe kila mtoto karatasi. Mwambie achore jinsi ya kuwasha glopu ndogo ya tochi kwa betri moja na kipande kimoja cha waya. Asiulize, asinakili, achore tu.

Utaona michoro ya aina tatu. Wapo watakaochora waya kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha glopu, basi. Kwao umeme ni kitu kinachotoka kwenye betri na kufika, hakihitaji njia ya kurudi. Wapo watakaounganisha ncha zote mbili za betri, lakini wakazipeleka mahali pamoja chini ya glopu, kwa kuwa hawajawahi kuona kwamba glopu ina sehemu mbili za kupitisha umeme: kitako chake na ubavu wake wa chuma. Wachache watapatia.

Sasa wape vifaa, kila kundi lijaribu michoro yake. Glopu ikikataa kuwaka, usiwape jibu. Waulize: umeme umeingia wapi, umetokea wapi? Glopu ikishawaka, uliza swali la pili: tukipanga glopu mbili zinazofanana mstari mmoja katika saketi, ipi itawaka zaidi? Wengi watasema ile ya kwanza, wakiamini kwamba umeme unaliwa njiani. Zitawaka sawasawa. Hapo ndipo dhana inapokaa: mkondo unaozunguka katika njia hiyo moja ni uleule kila mahali, na kinachotumika ni nishati ya betri.

Glopu za zamani zikikosekana, tumieni taa ndogo za LED kwa betri mbili, mkikumbuka kwamba LED ikigeuzwa haiwaki. Waonyeni watoto wasiunganishe ncha mbili za betri kwa waya mtupu, kwani waya hupata moto, na wasijaribu kamwe chochote kwenye soketi ya ukutani.

*2.2 Maji nje ya kikombe cha baridi*

Weka barafu na maji katika kikombe cha bati, ukifute vizuri nje, kisha usubiri. Dar es Salaam au Tanga matone yataonekana upesi. Dodoma wakati wa kiangazi huchelewa, kwa sababu hewa ni kavu. Uliza: maji haya yametoka wapi? Jibu la kwanza mara nyingi ni kwamba yamepenya kutoka ndani.

Usilipinge. Waulize watalijaribuje. Wakikwama, rudia jaribio kwa maji mekundu ya rozela. Matone ya nje yatakuwa meupe kabisa. Kama shule ina mizani nyeti, pimeni kikombe mwanzoni na mwishoni, muone kwamba kimeongezeka, wakati kikombe kinachovuja kingepungua. Sasa mtoto yuko tayari kusikia kwamba hewa inayotuzunguka ina mvuke usioonekana, na kwamba mvuke huo ukigusa kitu cha baridi hugeuka kuwa maji. Kutoka hapo, umande, ukungu, mawingu na mzunguko wa maji vinakuwa somo moja. Katika vitabu vimekaa sura tofauti. Kazi ya marudio ni kuviunganisha.

*2.3 Mwili wa mmea unatoka wapi*

Dhana hii haihitaji kifaa chochote ila kipande cha mkaa. Uliza darasa: mti mkubwa wa mwembe umepata wapi mbao zake zote? Takriban darasa zima litajibu kwamba umezipata kwenye udongo. Hao hao wakiulizwa maana ya usanisinuru, wataitaja bila kukosea.

Wasimulie jaribio la Jan Baptist van Helmont wa nchi inayoitwa leo Ubelgiji, lililochapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche wenye uzito wa kilo 2 na ushee katika udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Mti ulifikia kilo 77 hivi, na udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Waache watoto wapige hesabu wenyewe: mti umeongezeka kilo ngapi, udongo umepoteza kiasi gani?

Van Helmont alihitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji peke yake. Alikosea upande mmoja, kwa sababu hakuihesabu hewa. Ndipo umwonyeshe mtoto kipande cha mkaa. Weusi ule ni kaboni, na kaboni hiyo ilitoka katika kabonidayoksaidi, gesi ambayo ni takriban asilimia 0.04 tu ya hewa. Jani huichukua, huiunganisha na maji kwa nguvu ya mwanga, likapata sukari na kutoa oksijeni. Udongo hutoa madini machache ambayo mmea hauwezi kuishi bila hayo, na hiyo ndiyo kazi ya mbolea. Mtoto aliyefika hapa hawezi tena kusema kwamba mbolea ni chakula cha mmea.

3. Dhana nyingine za kuangaliwa

Tungamo na uzito: gimba la kilo 1 huvutwa kwa takriban nyutoni 10 hapa duniani na nyutoni 1.6 hivi mwezini, lakini tungamo lake halibadiliki. Kuelea na kuzama: kinachoamua ni densiti, si ukubwa. Msumari unazama na gogo linaelea. Kuchemka: maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi usawa wa bahari, lakini mjini Mbeya, takriban mita 1,700 juu, ni kama nyuzi 94, kwa sababu kanieneo ya hewa ni ndogo. Ndiyo maana huko maharage yanachelewa kuiva.

4. Utaratibu wa kipindi cha marudio

Napendekeza hatua nne ndani ya dakika 40: kukisia, kufanya, kueleza, kutumia.

Katika kukisia, kila mtoto aandike au achore anachotarajia na sababu yake. Hatua hii isirukwe, kwani bila hiyo mwalimu hajui anarekebisha nini. Katika kufanya, makundi yajaribu, au mwalimu afanye jaribio moja mbele ikiwa darasa ni kubwa na vifaa ni vichache. Katika kueleza, watoto walinganishe walichokisia na walichoona, kwa sentensi zao wenyewe, kabla mwalimu hajaleta istilahi za kitabu.

Hatua ya kutumia ndiyo mahali pa maswali ya mitihani iliyopita. Tusiishie kutafuta herufi sahihi. Tuulize kuhusu kila jibu lisilo sahihi: mtu atakayelichagua atakuwa anafikiri nini? Maswali matano yakijadiliwa hivyo yana faida kuliko hamsini yaliyosahihishwa haraka.

5. Mapendekezo

1. Kila shule iwe na daftari la makosa ya dhana, likionyesha mtoto alisema nini na jaribio gani lilimsaidia. Lipitiwe katika vikao vya jumuiya za ujifunzaji chini ya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA).
2. Marudio yaanze darasa la tano, mada inapoisha, yasisubiri miezi ya mwisho ya darasa la saba.
3. Walimu wa kata moja wagawane kazi ya kuandaa masanduku ya vifaa vya bei nafuu, kisha wayazungushe shule kwa shule.
4. Walimu wakuu wakague marudio kwa kusikiliza maelezo ya watoto, si kwa kuhesabu mitihani iliyofanywa.

6. Hitimisho

Watoto hawa wakiingia kidato cha kwanza watakutana na sayansi kwa Kiingereza. Aliyekariri majibu ya Kiswahili ataanza upya, kwa sababu maneno aliyoyashika hayatamfaa tena. Aliyeelewa saketi, jinsi mvuke unavyogeuka kuwa maji, na usanisinuru atakuwa na kazi ya kujifunza majina mapya ya mambo anayoyajua. Tofauti hiyo inatengenezwa katika vipindi vyetu vya marudio, na tunaweza kuianza katika kipindi chetu kijacho, kwa betri moja, glopu moja na kipande cha waya.