Hesabu za Shule Zimfikie Mzazi
Tangu elimu bila malipo ianze Tanzania Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji hutumwa moja kwa moja kwenye akaunti za shule, na shule hutakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Utaratibu huo ni mzuri, ila karatasi iliyofifia kwa jua nje ya ofisi ya mwalimu mkuu haimfikii mzazi anayerudi kutoka shambani magharibi. Halmashauri haina budi kuzipeleka hesabu hizo aliko mzazi: kwenye mkutano wa kijiji, msikitini, kanisani, kwa balozi wa nyumba kumi, hata kwenye simu. Michango inayoombwa kwa wazazi ndiyo huzua manung'uniko zaidi. Hesabu zisomwe na maswali yajibiwe kabla fedha hazijaombwa.