KINYWA NI SHAHIDI: MAZUNGUMZO JUU YA AFYA YA KINYWA KATIKA MIKOA YA SHINYANGA NA GEITA



Aghlabu mtu anapoumwa na jino au fizi humwendea tabibu kwa nia moja tu: jino ling'olewe, maumivu yakome. Hata hivyo, hali ya mikoa ya Shinyanga na Geita yaonesha kuwa kinywa huweza kutoa habari za mambo yaliyo nje yake, nayo ni hewa anayovuta mtu kazini na maji anayokunywa nyumbani.

La kwanza ni zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita huichanganya na mchanga wa mawe yaliyosagwa, nayo ikaishika dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa na dhahabu ikabaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Sehemu kubwa ya mvuke unaovutwa huingia katika damu kupitia mapafu, ukafika katika figo na ubongo, na kwa mja mzito humfikia mtoto aliye tumboni. Aliyeathirika sana huweza kuhisi ladha ya chuma mdomoni, kujaa mate kupita kiasi, kuvimba fizi au fizi kuingia rangi ya buluu, na meno kulegea. Mikono nayo hutetemeka.

Mwaka 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda lilifanya uchunguzi katika kijiji cha Rwamagasa, Geita. Watu 180 wa eneo la machimbo walilinganishwa na watu 31 wa eneo lisilo na machimbo. Walihojiwa na kuchunguzwa mwili, na damu, mkojo na nywele zao zikapimwa. Wachomaji ndio waliokutwa na zebaki nyingi zaidi. Thamani ya kazi ile imo katika kulinganisha, kwani fizi zilizovimba hupatikana popote ambapo meno hayasafishwi, na jicho la tabibu peke yake haliwezi kuipambanua sababu. Vile vile, mtu huweza kuwa na zebaki mwilini huku kinywa chake hakina dalili yoyote.

La pili ni madini ya floraidi. Baadhi ya visima vya Shinyanga vina floraidi nyingi itokayo katika miamba. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu kwa muda hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa kuwa maji mengine yalikuwa adimu. Baadaye kiwango hicho kilishushwa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake yanajengeka ndani ya taya, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyoondoka kwa mswaki. Floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi, hudhuru hata mifupa. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria kwa Kahama na Shinyanga, uliozinduliwa mwaka 2009, ni kinga ambayo koleo la daktari haliwezi kuitoa.

Kutokana na hayo, yafaa yazingatiwe mambo yafuatayo:

(a) Tabibu wa kinywa amwulize kila mgonjwa kazi yake na maji anayotumia, na majibu yaandikwe katika daftari. Utafiti wa hospitali huanzia hapo.

(b) Mwenye dalili anayefanya kazi ya zebaki apelekwe kupimwa mkojo.

(c) Zebaki isichomwe hadharani wala majumbani. Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka uchomaji wa namna hiyo ukomeshwe. Chombo kilichofungwa huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, na mchimbaji akaitumia tena.

Mgonjwa aliyeng'olewa jino kisha akarudi kwenye moshi ule ule hajatibiwa. Naye mtoto wake, achezaye kando ya jiko, hana daftari lolote lililoandika jina lake.