Chimba, Chimbua, Fukua: Lugha ya Kutangaza Mambo ya Kale Moja kwa Moja



Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona mfupa wa fuvu ukichomoza katika mteremko wa Olduvai. Mumewe, Louis, alikuwa mgonjwa kambini. Kilichofuata hakikuwa sururu wala mwiko, bali kungoja. Fuvu liliachwa mahali pake hadi alipofika Des Bartlett, mpigapicha aliyetengeneza filamu kwa ajili ya kipindi cha televisheni cha Armand na Michaela Denis. Hivyo basi, kiumbe aliyepewa jina la Zinjanthropus, jina linalobeba neno Zinji ambalo waandishi wa kale wa Kiarabu walilitumia kuitaja pwani ya Afrika Mashariki, alitolewa ardhini mbele ya kamera. Tanganyika yenyewe haikuwa na televisheni, na Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Hata hivyo Kiswahili kilikuwapo katika shimo lile. Mahali fuvu lilipopatikana panaitwa FLK katika maandiko ya kitaalamu ya dunia nzima, na K hiyo ni korongo.

Filamu ya Bartlett haikurushwa papo hapo. Ufukuaji unaotangazwa moja kwa moja, au mubashara kama wasemavyo watangazaji wa siku hizi, ni jambo jingine, na historia yake nje ya Afrika Mashariki ina funzo kwa mtu wa lugha. Mwaka 1968 BBC iligharimia na kutangaza uchimbaji wa handaki katika kilima cha Silbury, Uingereza, chini ya Richard Atkinson. Watazamaji walitarajia kaburi lenye hazina. Kilichopatikana ni masalia ya mimea na wadudu yaliyohifadhika ndani ya udongo, ambayo kwa mwanaakiolojia ni ushahidi mzito na kwa mtazamaji ni uchafu. Septemba 2002, roboti ilitoboa jiwe katika mfereji mwembamba ndani ya Piramidi Kuu ya Giza huku watu wa nchi nyingi wakitazama. Nyuma ya jiwe hilo palikuwa na jiwe jingine.

Imezoeleka kusema kwamba watazamaji wa namna hiyo hawana subira. Maelezo hayo hayatoshi. Waliahidiwa tukio, na ahadi hiyo ilitolewa na lugha. Mtangazaji wa mpira hutawaliwa na kiambishi -na-: anapokea, anageuka, anapiga. Kila nukta ina tendo lake. Shimoni, tendo lenye maana lilitendeka kale. Kilicho mbele ya kamera ni hali iliyobaki baada ya tendo hilo. Udongo umebadilika rangi. Chungu kimevunjika. Jiwe limeungua upande mmoja. Kiambishi cha ufukuaji ni -me-, na Kiswahili kina bahati ya kutenganisha hali hizi mbili kwa silabi moja tu. Mtangazaji anayeingia shimoni na -na- ya uwanjani ataahidi dhahabu hata kama hakulitamka neno lenyewe.

Athari ya ahadi hiyo si sawa kila mahali. Katika Kasekese, kata ya Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi (eneo lililokuwa chini ya Mpanda, Rukwa, kabla ya mkoa huo kuanzishwa mwaka 2012), neno chimba lina historia nzito. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa sababu ya madini ya risasi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wa ukanda huo wana msamiati wao kamili wa duara na kifusi. Mtu anayepima ardhi kwa kamba, akachimba taratibu na kuchekecha udongo, hufanya karibu yale yale afanyayo mchimbaji. Hapo huongezeka imani, iliyoenea katika sehemu nyingi za Tanzania, kwamba Wajerumani walificha mali chini ya ardhi. Kamera ikielekezwa shimoni mchana, kuna hatari ya majembe kufika usiku. Tabaka likishavurugwa halirudi. Picha ina marudio, udongo hauna.

Ndiyo maana uteuzi wa neno si pambo. Chimba hutazama kinachotafutwa. Chimbua ni kung'oa kutoka ndani, nalo limetupatia chimbuka na chimbuko, yaani asili. Kwa mwanahistoria hakuna kitenzi kizuri zaidi. Fukua ni kauli ya kutendua inayosimama dhidi ya fukia, kama fungua dhidi ya funga, na husema kweli juu ya kazi yenyewe: kuondoa kilichofunika. Udhaifu wake ni kwamba limesogea mno karibu na zikua, na katika siasa kufukua makaburi ni kuamsha ugomvi wa zamani. Penye hofu ya uchawi neno hilo halipokelewi kwa moyo mweupe. Tatizo kubwa zaidi limo katika istilahi ya kiserikali, malikale. Neno limeundwa vizuri kabisa, lakini linaanza na mali. Ofisini husomeka kama mali ya umma. Kwa mtu aliyekwishasikia habari za hazina ya Wajerumani, ni uthibitisho.

Mtangazaji angefanyaje basi? Katika Kasekese husikika Kibende na Kitongwe, lugha mbili zinazokaribiana sana, pamoja na Kisukuma cha wafugaji na wakulima waliohamia na Kifipa kutoka kusini. Kusini huko, Ufipa, kumejulikana kwa matanuri marefu ya kuyeyushia chuma, malungu, ambayo Bertram Mapunda aliyachunguza katika miaka ya 1990. Donge zito jeusi likitokea katika chekeche, mtaalamu ataliita kwa jina la maabara. Mzee aliyesimama kando ataliita mavi ya chuma, jina lililo sahihi, la Kiswahili, na lisilomtamanisha mwizi yeyote. Kipaza sauti kingekuwa mkononi mwa mzee huyo kwanza, naye mtaalamu afuate.

Aidha, matangazo yasikome pale kitu kinapoonekana. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.66, zilifunuliwa mwaka 1978 na kufukiwa tena mwaka uliofuata. Mbegu za migunga zilizokuwamo katika udongo wa kufukia ziliota, mizizi ikatishia nyayo, hata ikabidi serikali ya Tanzania na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty zifungue njia hiyo katika miaka ya 1990, kuitibu na kuifukia upya kwa tabaka za ulinzi. Kufukia ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu ambayo kamera huikimbia. Katika Kasekese ingefaa irushwe yote, tangu ndoo ya kwanza ya udongo hadi ya mwisho, watu wakiona kwa macho yao kwamba shimo limefungwa na kwamba kilichobaki ndani ni udongo.