Nyota Ni Zilezile, Majina Ni Mengi

(Hotuba ya kiongozi wa vijana mbele ya vikundi vya kujisaidia vya vijiji viwili vinavyotumia chemchemi moja. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa niwaeleze juu ya safari yetu ya kambi ya maskauti ya mwaka 2019. Nitaeleza. Lakini tangu nifike hapa naona watu wa kijiji cha juu wameketi upande huu wa mwembe, na watu wa kijiji cha chini upande ule. Sote twajua sababu ni lile bomba la maji. Basi mtanivumilia nikichanganya habari za nyota na habari za bomba.

Uskauti si jambo la mbali kwetu. Mwanzilishi wake, Baden-Powell, alifariki Nyeri mwezi wa Januari 1941, na kaburi lake liko huko hadi leo. Kila baada ya miaka kama minne, vijana wa nchi nyingi hukutana katika kambi kubwa iitwayo Jamborii ya Dunia. Ile ya 24 ilikuwa West Virginia, Marekani, kuanzia tarehe 22 Julai hadi 2 Agosti 2019. Wenyeji walikuwa nchi tatu kwa pamoja: Kanada, Meksiko na Marekani. Walikuja watu zaidi ya 40,000 kutoka nchi kama 150. Hebu fikirini mahema hayo! Na foleni ya kuoga!

Sasa, msidhani watu wakiwekwa pamoja wanakuwa marafiki papo hapo. Siku za kwanza kila nchi ilijikalia kivyake. Wetu walikaa na wetu. Lugha ni shida, chakula ni kigeni, na kijana huona haya kuanza kusema. Mchana kulikuwa na michezo, lakini mchezo una mshindi na mshinde.

Kilichotusaidia ni usiku. Kambi ile iko kwenye vilima vya misitu, mbali na taa za miji mikubwa, na siku za mwisho mwezi haukuwepo kabisa. Giza totoro! Mtu akilala chali kwenye nyasi anaona nyota kama ugali uliomwagiwa unga. Na swali lilikuwa moja tu, hata mwenye Kiingereza cha kuokoteza aliliweza: "Kwenu mnaiitaje ile?"

Upande wa kaskazini kuna nyota saba zinazong'aa. Wamarekani husema ni kata ya kuchotea maji. Waingereza husema ni plau ya kulimia. Wajerumani huona gari la kukokotwa. Wahindi husema ni wazee saba wenye hekima. Waarabu tangu zamani huona jeneza, na mabinti wa marehemu wakilifuata. Ni nyota saba zilezile, jamani! Kila watu waliandika juu kile walichokuwa nacho chini: kazi yao, wazee wao, msiba wao. Sikusikia mtu akimwambia mwenzake kwamba amekosea.

Kata hiyo pia huelekeza kwenye nyota ya kaskazini, ambayo haihami mahali pake. Wakati wa utumwa huko Marekani, watu waliotoroka usiku waliifuata ili wafike majimbo ya kaskazini na Kanada. Frederick Douglass, ambaye mwenyewe alitoroka utumwa, alipoanzisha gazeti mwaka 1847 aliliita kwa jina la nyota hiyo. Kwa hiyo nyota si pambo tu. Kuna watu zimewaokoa.

Kule West Virginia nyota hiyo iko juu ya upeo kama ngumi nne, ukinyoosha mkono mbele yako. Hapa kwetu kwenye ikweta imelala chini kabisa, haionekani. Lakini sisi tunao Msalaba wa Kusini, ambao kule hauonekani. Mtu wa Norwe akikaa kwao hatauona maisha yake yote. Na mtu wa Nyuzilandi akikaa kwao hataiona ile nyota ya kaskazini. Sisi wa katikati, mwaka ukizunguka, tunaona karibu nyota zote za pande mbili. Mola ametupa kiti cha mbele, na sisi tunaingia ndani mapema kuwasha redio!

Usiku wa mwisho waliobaki macho hadi kama saa saba waliona Kilimia kikichomoza upande wa mashariki. Ni kile kikundi kidogo cha nyota zilizosongamana. Wajapani hukiita Subaru. Wamaori wa Nyuzilandi hukiita Matariki, nacho huwaanzishia mwaka mpya. Tangu 2022 siku hiyo ni sikukuu ya taifa lao. Halafu Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini husema isiLimela. Mmesikia? Kilimia, isiLimela. Neno ni moja, na ndani yake mna kulima! Toka huko hadi kwetu ni maelfu ya maili, lakini babu zetu walitazama nyota hizo wakashika jembe.

Wazee wa pwani husema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waborana wa kaskazini wana wataalamu wao, ayyantu, wanaohesabu siku kwa mwezi na nyota. Lakini niwe mkweli. Nyota hurudi kwa wakati wake kila mwaka. Mvua haina ahadi hiyo. Kwa hiyo sikilizeni pia Idara ya Hali ya Hewa kabla ya kutia mbegu ardhini.

Sasa nije kwenye bomba. Mikutano mitatu imeshindikana kwa sababu kila kijiji huja na jibu lake mkononi. Kijiji cha juu chasema chemchemi iko kwao. Kijiji cha chini chasema wao ndio waliochimba mtaro. Yote mawili ni kweli. Lakini hakuna aliyemwuliza mwenzake, "Kwenu mnalionaje jambo hili?" Na wakati tukinuniana, mabomba yanapigwa jua na watoto wanabeba mitungi.

Nina ombi dogo, halina harambee:

1. Tuchague usiku usio na mwezi, vijana wa vijiji vyote viwili walale pamoja penye chemchemi, na viongozi wa pande zote wawepo. Blanketi na kuni vyatosha.

2. Tualike wazee wawili kutoka kila kijiji, waume kwa wake, watutajie majina ya nyota na majira ya kupanda. Makatibu waandike kwenye daftari. Mzee akiondoka na majina hayo, hakuna duka la kuyanunua.

3. Asubuhi, kabla hatujatawanyika, kamati mbili zikae hapohapo na kuongea habari za zamu za maji.

Sisemi nyota zitagawa maji. Maji tutagawa sisi. Lakini ni rahisi kupanga zamu na mtu uliyekesha naye kuliko na mtu unayemwona ng'ambo ya mwembe.



Maswali ya kujadili katika kikundi:

- Kwenu mnaziita nyota gani kwa jina? Nani aliwafundisha?
- Ni jambo gani tunalogombania na majirani ambalo hatujawahi kuwauliza wao wanalionaje?
- Nani atakumbusha kikundi tarehe ya usiku huo?