Moto wa Nyumbani Wakati wa Kipupwe

Kipupwe kinakaribia, na wenzetu wakaao nyanda za juu, kama Limuru na Njombe, waijua baridi ya Juni hata Agosti. Jioni hii twataka kusema nanyi habari ya kuutengeneza moto wa nyumbani mapema.

Mwenye nyumba yenye dohani na aichungulie kwanza. Huenda ndege wamejenga kiota ndani, au masizi yameziba njia ya moshi. Na isafishwe kabla ya kuwashwa moto wa kwanza. Kuni nazo zipasuliwe sasa, zikauke chini ya paa. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi na joto haba.

Lakini neno kubwa ni jiko la makaa. Wengi wetu tukiona makaa yamekuwa mekundu, hayana moshi, twadhani ni salama kulala nayo mlango umefungwa. Sivyo. Makaa hayo hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huishika damu kwa nguvu kupita mara 200 ya oksijeni. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, kisha usingizi. Na aliyelala huenda asiamke tena. Wako wawekao beseni la maji kando ya jiko. Maji hayaiondoi sumu hiyo.

Basi tuote moto mlango na dirisha vikiwa wazi, na kabla ya kulala jiko litolewe nje. Kichwa kikianza kuuma, tutoke sote upesi, na mgonjwa apelekwe hospitali. Blanketi la pili ni bora kuliko makaa chumbani.

Kwaherini.