Samuel Sitta: Mwanasheria Katika Kiti cha Spika



Msafiri atokaye Ng'ambo, mjini Tabora, akashika njia ya magharibi iliyofuatwa zamani na misafara ya pembe za ndovu kwenda Ujiji, hufika Urambo, nchi ya Mtemi Mirambo. Mwaka 1871 Mtemi huyo aliifunga njia hiyo, na wafanyabiashara wa Unyanyembe wakatambua kwamba mwenye kushika njia ndiye mwenye neno. Huko ndiko alikozaliwa marehemu Samuel Sitta, tarehe 18 Desemba 1942. Naye alikuja kukabidhiwa njia ya namna nyingine, yaani njia ya sauti za wananchi Bungeni.

Ndugu Sitta alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1971. Mwaka 1975 watu wa Urambo walimchagua kuwa Mbunge wao, akawawakilisha kwa miaka 20. Alipata pia kuwa Waziri na Mkuu wa Mkoa, na baadaye akaongoza Kituo cha Uwekezaji. Mwaka 2005 alirudi Bungeni, na Desemba mwaka huo akachaguliwa kuwa Spika.

Hapo ndipo elimu yake ya sheria ilipozaa matunda. Chini ya uongozi wake Bunge lilitunga Kanuni mpya mwaka 2007, na Waziri Mkuu akaanza kujibu maswali ya papo kwa papo. Mwaka huo huo Bunge liliunda Kamati Teule, chini ya mwanasheria mwenzake, Dakta Harrison Mwakyembe, kuchunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Taarifa ya Kamati iliposomwa Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Spika na Waziri Mkuu walikuwa wa Chama kimoja, lakini Spika hakuifunga njia. Alitambua kwamba cheo ni dhamana.

Hata hivyo, haifai kumsifu marehemu kwa nusu ya habari zake. Machi 2014 alichaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba. Tarehe 16 Aprili wajumbe wa UKAWA walitoka nje, kwa kupinga jinsi rasimu ya Tume ya Jaji Warioba, iliyopendekeza serikali tatu, ilivyokuwa ikishughulikiwa. Mwenyekiti aliendelea na kazi, na Oktoba 2 ikatangazwa kwamba theluthi mbili ya kura zimepatikana kwa kila upande wa Muungano. Sheria ilikuwa imetimizwa, lakini viti vya waliotoka vilikuwa vitupu. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 30, 2015 iliahirishwa, na wananchi hawakuipigia kura Katiba hiyo.

Ni dhahiri, basi, kwamba maisha ya mwanasheria huyo yana mafunzo mawili. Kanuni njema humlinda anayeuliza, hata anapomuuliza mkubwa. Lakini kanuni, hata ikitimizwa kwa hesabu zote, haiwezi kuzaa maafikiano mahali ambapo watu wameacha kusikilizana. Kiongozi hana budi kuyashika yote mawili.

Ndugu Sitta alifariki dunia nchini Ujerumani tarehe 7 Novemba 2016, akazikwa kwao Urambo. Kijana wa Tabora anayetaka kushika sheria na siasa kwa pamoja anayo mengi ya kujifunza kwake, katika yaliyofaulu na katika yaliyokwama.