Jina la Babu kwenye Mstari wa Tatu

Msikilizaji wa Ilembula, Wanging'ombe na Makambako, shika fomu ya kitambulisho cha taifa utazame sehemu ya majina. Kuna jina lako, la baba, halafu la tatu ambalo tumezoea kuliita jina la ukoo. Nasema hilo la tatu, kwa familia nyingi za huku, si jina la ukoo hata kidogo. Ni jina la babu mmoja ambaye zamu yake ya kutajwa iliangukia siku karatasi zilipofika, na kwa hiyo halifai kuwa kipimo cha nani ni ndugu wa nani.

Ushahidi tunao hapo jirani, Kalenga. Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi, alikuwa Adam mwana wa Sapi, na Sapi mwana wa Mkwawa: ngazi tatu, basi. Lakini Mkwawa mwenyewe, mtawala wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898, hakujulikana kwa jina la Munyigumba, ingawa huyo ndiye aliyemzaa. Tena Mkwawa ni kifupi cha Mkwavinyika, jina la sifa la mtu mmoja, ambalo leo wanalibeba vitukuu wasioteka nchi yoyote. Hata herufi zake hazikutulia: Wajerumani waliandika Quawa, na Mkataba wa Versailles wa 1919, uliodai Wajerumani walirudishe fuvu lake, ukaandika Mkwawa. Butiama nako ni yale yale. Nyerere lilikuwa jina la chifu wa huko mwenyewe, mwana wa Burito. Mwanawe Julius akaandikishwa nalo, wajukuu wakaendelea nalo, na Burito akabaki nje ya daftari.

Huku Njombe kalamu ilikuja kwa njia nyingi: stakabadhi ya kodi, daftari la ubatizo, na kipande cha kibarua. Vijana wa Kibena walikwenda kwa wingi kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, maana namba ndiyo iliyomjali mwajiri. Jina lilikuwa la kusindikiza tu. Sasa fikiria ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa anaulizwa na karani wa mkonge, "Wa nani wewe?" anamtaja babu. Mdogo anabatizwa nyumbani, anaandikwa kwa jina la baba. Hakuna aliyedanganya, lakini watoto wao watakua na majina mawili tofauti. Na kinyume chake kipo. Sanga lilikuwa jina la nyumba ya watawala wa Ukinga. Leo kina Sanga wawili wanaweza kupakana maduka pale Makambako, na kila mmoja akihesabu babu zake wasikutane popote. Sitaji yale ya tahajia: kialama cha ng' kikidondoka katika kompyuta, hata Wanging'ombe inasomeka kama wilaya nyingine.

Atatokea wa kunipinga kwamba koo zetu ni za kale kuliko Mjerumani. Kweli kabisa. Ila ukoo ulitunzwa mdomoni, kwa majina ya sifa, kwa miiko ya chakula, kwa kujua nani haoi wapi. Fomu haina nafasi ya mambo hayo. Pingamizi zito zaidi ni la ofisini: bila jina lisiloyumba, mirathi na mikopo vitaingiliwa na matapeli. Nakubali, na ndiyo maana kuna hati ya kiapo na hati ya kubadili jina. Lakini nyaraka hizo zinathibitisha kwamba mtu ni yule yule. Undugu ni swali jingine, nalo hujibiwa na wazee, majirani na cheti chenye jina la mzazi. Karani anayemrudisha mjane kwa kuwa shemeji yake ana jina tofauti anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Redio yenyewe imelijua hili tangu zamani. Sikiliza tangazo la msiba: marehemu anatajwa kwa majina matatu, kisha habari ziwafikie kaka yake wa Igwachanya mwenye jina hili, dada yake wa Mafinga mwenye jina lile, na wana ukoo wote popote walipo. Majina hayafanani, na kesho yake wote wapo matangani.